Inchi Tano

Mama alisimama katikati ya sebule, mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi, akaniambia, "Pima."

"Mama, mimi nimeacha kushona."

"Sijakuuliza umeacha nini. Nimesema pima. Mikono inauma."

Futi ya kupimia ilikuwa inaning'inia shingoni mwake. Alikuwa ameitoa mwenyewe kwenye droo ya cherehani, baada ya kuondoa pasi, chaja za simu na rundo la nguo za watoto. Kwa miaka miwili cherehani yangu ilikuwa meza tu. Mume wangu alishazoea, na wateja waliacha kunigongea baada ya kuwafukuza kwa visingizio vya mgongo. Mgongo wangu ni mzima kabisa. Nilichoogopa ni ile futi.

Niseme ukweli, maana nimechoka kuuzungusha.

Mdogo wangu, tuliyemwita Kibonge tangu utotoni kwa jinsi alivyojaa, ndiye aliyekuwa mteja wangu mkubwa na mkorofi kuliko wote. Alikuwa anaingia bila hodi, anatupa kitambaa kitandani na kusema, "Nitoe kama malkia, na usininyime mbwembwe." Mwaka wake wa mwisho nilimshonea magauni manne. Vipimo vyote niliviandika daftarini. Gauni la kwanza, kiuno thelathini na nane. La pili, thelathini na sita na nusu. La tatu, thelathini na tano. Na lile la kijani, thelathini na tatu.

Unajua nilifanya nini? Nilipiga vigelegele. Nilisoma namba ile nikamwambia, "Hee! Wewe jina tutakubadilisha. Kibonge gani huyu?" Akacheka, akajizungusha mbele ya kioo, akataka nimpunguzie na yale ya mwanzo maana yanampwaya. Nikapunguza. Nikafumua ubavuni, nikaingiza kitambaa ndani, nikashona upya. Sijawahi kushona vizuri kama mwaka ule. Aliniambia siku hizi anachoka mapema na chakula hakina ladha. Mimi nilikuwa na pini mdomoni, nikaguna tu.

Hospitali, daktari aliuliza, "Alianza kupungua lini?" Ndugu wote wakatazamana. Jibu lilikuwa nyumbani kwangu, kwenye daftari, pamoja na tarehe zake. Nikanyamaza. Wiki tisa baadaye tukamzika.

Tangu hapo, kila nilipokaa kwenye cherehani nilimsikia nyuma ya bega langu, kwa sauti ile ile ya furaha: "Punguza tena." Wala sikuwa naota. Mchana kweupe, redio ya jirani inaimba, mguu wangu uko kwenye kanyagio, na yeye yuko hapo ananiagiza. Nikaifunika cherehani, nikaweka pasi juu yake.

"Gauni langu la bluu halifungi," mama aliendelea, mikono ikiwa bado juu. "Ijumaa wenzangu wa jikoni wananiaga. Miaka thelathini nimewapikia wanafunzi, siwezi kwenda kuagwa na zipu iliyo wazi kama mdomo wa mlevi. Mafundi wawili wamelikataa. Wanasema ubavuni halina akiba ya kitambaa hata kidogo. Wakauliza ni fundi gani bahili aliyelikata."

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Nikaizungusha futi kiunoni mwake. Ncha ikanitoka mara mbili, hadi mama akaishika mwenyewe. Nikafumba macho. Nilipofumbua, nikasoma arobaini na mbili. Mara ya mwisho ilikuwa thelathini na tisa.

"Umeongezeka," nikasema.

"Nimenenepa, sema tu. Kwani kuna aliyekufa?"

Kisha akasikia alichokisema.

Tukabaki hivyo, yeye mikono hewani, mimi nimemzungushia futi kiunoni. Sikuweza kumtazama usoni.

"Niliona, mama," nikasema. "Niliona anapungua. Nilimpima mara nne kwa mikono yangu, nikampunguzia nguo."

Alishusha mikono, akaiweka mabegani mwangu.

"Na mimi nilimwambia amependeza," akasema. "Nikamwambia aendelee hivyo hivyo. Unadhani mwenye macho ni wewe peke yako?"

Tulilia, mimi na mama yangu, hadi pua zikaziba. Sioni haya kusema. Kosa langu halikuondoka, na wala sikutegemea liondoke. Lakini nilipolitandaza gauni mezani ili nimwonyeshe kwamba kweli haliwezekani, kichwa changu kikaanza kazi bila kuniomba ruhusa. Ningepasua ubavuni, kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Ningeingiza kipande kirefu, chembamba juu, kipana chini. Kisiwe cha bluu, maana bluu mbili zisizolingana ni kiraka. Kiwe cha njano iliyoiva, watu wadhani ndivyo lilivyokusudiwa tangu mwanzo. Na mikono nayo je, ikipata ukingo wa rangi hiyo hiyo? Nikachukua chaki. Niliposhtuka, mama alikuwa amejipikia chai, amekunywa, amelala kwenye kochi akikoroma, na mimi nilikuwa nimeshakata.

Nilipokanyaga, sauti ilikuja. Ikaniambia nipunguze.

"Leo naongeza, mdogo wangu," nikaijibu, na nikaendelea kushona.

Siku hizi nashona tena, ingawa si kwa wingi. Wiki iliyopita jirani yetu, mwalimu, aliniletea kitambaa cha maua. Nilimpima kiuno, nikafungua daftari nilinganishe na kipimo chake cha zamani. Kilikuwa kimepungua inchi moja na nusu.

"Unakula vizuri?" nikamwuliza.

Akacheka. "Natembea kwa miguu kwenda kazini. Nimependeza, eh?"

"Unachoka mapema? Usingizi unaupata?"

"Makubwa! Fundi, umekuwa daktari lini? Wewe kata kitambaa bwana, nina haraka."

Nikaweka mkasi chini.

"Nijibu kwanza," nikamwambia.