Kikopo cha Lupe

...na barafu nayo inayeyuka, naisikia ikichuruzika ndani ya mfuko hapa mapajani, sijui kama kikopo kitabaki baridi mpaka nesi Ianeta aniite, wako wawili mbele yangu na miguu imevimba hadi ndala zinanibana, nimechoka, wiki ya thelathini na moja hii, nimetobolewa vidole kupimwa sukari asubuhi na kila baada ya chakula mpaka sina kidole kizima cha kumenyea magimbi, na kila nikipanda mzani Ianeta anatazama namba, ananitazama mimi, ndipo anaandika, jicho hilo ndilo linalonichosha kuliko sindano... ndiyo maana nikamwomba wifi yangu Lupe, "Fuatino, una wazimu wewe," akacheka mpaka akakaa chini, "mavi yangu yaende hospitali kwa jina lako? Basi waambie yametoka kwa mrembo!" lakini akakichukua kikopo, Lupe hana hiyana, anakula sahani mbili na mwili uko vile vile, mwembamba kama ufagio, nikajiambia ya kwake yatakuwa safi, hayatasema nilichokula Jumapili... kwani nilikula nini, nilikula nilichopewa, mkamwana anawapakulia wazee kwanza, anawapepea nzi wakila, yeye anakula mwisho, na mwisho huo mama mkwe akanijazia sahani kwa mkono wake, shelisheli, nyama ya kopo, palusami, yale majani ya magimbi, inaelea tui la nazi, "Kula, mwanangu, mko wawili humo," ningeanzia wapi kumrudishia mama yule sahani mbele ya watu, nikala yote, halafu kwenye daftari la utafiti nikaandika samaki na tango...

Mlango uko wazi, Ianeta anamweleza binti aliyeingia, "...hapana, mpenzi, hatukukagui kama umekula vibaya, tunatafuta vitu ambavyo vijidudu vya tumboni vinavitengeneza vikishakula mabaki ya chakula chako, vingine huenda vinausaidia mwili kutumia sukari, vingine huenda vinaongeza uzito..." barafu imelowesha gauni sasa, watadhani nimejikojolea, "...wawili wanakula chungu kimoja, wote wana sukari ya mimba, mmoja anaongezeka kilo nne, mwenzake kumi na nne, kwa nini? Hatujui bado, ndiyo maana tunawaomba vikopo," hatujui, amesema hatujui, mbona kwangu kila mtu anajua, mume wangu anajua, mke wa mchungaji anajua, kila mtu anajua kwamba ni mdomo wangu, hata mimi nilijua, tangu Tavita nimejua... kilo tano na gramu mia mbili, mabega yakakwama, akaishi saa mbili tu, mwanangu, na wanaume wakasimama kando ya sanduku dogo ambalo halikuwa dogo, wakasema, "Tazama mabega hayo, huyu angecheza raga," walikuwa wanamsifu, na mimi, Mungu anisamehe, nikaona fahari kidogo, kisha nikaenda jikoni nikala kilichobaki, nikala mpaka nikatapika, nani angemwambia nesi jambo kama hilo...

Huyu naye anapiga teke, hapa hapa chini ya mfuko, labda hapendi baridi, tulia baba, tulia mama, sijui wewe ni nani ila nakutaka uzima, nakutaka hata uwe mdogo kama kidole... na Lupe hana mimba, Lupe hana sukari, watafungua kikopo chenye jina langu wakute tumbo la Lupe, wataandika, huyu ana sukari, ameongezeka kilo kumi na tatu, tumbo halina neno, basi watalitafuta jibu kwingine, na yule binti aliye ndani, na mwingine baada yake, watapewa jibu lililotoka kwa mtu asiyeumwa... miaka yote hii nimesemwa, sijawahi kuulizwa, leo kwa mara ya kwanza tumbo langu limeulizwa swali na mimi nimemtuma wifi akajibu.

Binti anatoka, anaingia mwingine, mlango bado wazi, barafu bado inachuruzika, miguu ni ile ile, nimebaki mimi... nikiitwa nitasema, nesi, hiki si changu, nipe kingine, hata nikikaa hapa mpaka jioni, na lile daftari naomba unirudishie, sikula samaki.