Randa ya Inchi Ngapi

Stefania wa mtaa wa Izia alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: kuuliza. Mpe chai, atataka kujua majani yametoka wapi na nani aliyachuma. Mtu wa namna hiyo ukimwambia achague mashine, tena moja tu, ya kutumika miaka yote iliyobaki, hapo umejitakia mwenyewe.

Mambo yalianza Jumatatu. Mwinjuma, mwenye maduka na fuso, ambaye mtaa mzima unamwita Baba Munira, alipitia karakana ya useremala ya kina Stefania akasema gari lake linashuka Dar es Salaam Jumamosi. Kama wanaitaka ile mashine ya randa, wamwambie saizi mapema. Mashine yenyewe ni meza ndefu ya chuma yenye visu vinavyozunguka katikati. Unaisukuma mbao juu yake, inatoka imenyooka. Saizi ni upana wa visu, na zilikuwepo za inchi sita, nane na kumi na mbili.

"Wengi wanachukua sita," alisema Baba Munira. "Nyepesi, haina usumbufu."

"Kumi na mbili," akasema mzee Edwin, baba yake Stefania, bila hata kuinua kichwa.

Alisema hivyo huku amelishika bega. Edwin amepiga randa ya mkono miaka thelathini na nane, na tangu Pasaka bega la kulia limemgomea. Daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea hivyo, utafika wakati mkono utakataa kabisa kuinuka. Bila mashine karakana ingefungwa, na mzee angerudi Milepa kulima mahindi kwa mkono mmoja. Na wakikosea saizi, kila mbao isiyoingia kwenye mashine ingerudi kwenye bega lilelile. Stefania alilijua hilo, na lilimkosesha raha.

"Kwa nini kumi na mbili, baba?"

"Kwa sababu kubwa itaranda na ndogo."

Lilikuwa jibu zuri tu, lakini jibu gani limewahi kumtosha huyu? Kesho yake asubuhi akachukua chaki na futi kamba. Kila mbao iliyopanda mezani aliipima upana, akaandika nyuma ya mlango wa karakana: mninga wa milango, msonobari wa vitanda, vipande vya stuli, vyote. Jenifer anayewaletea chapati alisimama na sahani yake akamwangalia weee, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Stefa, hizo mbao unazipima au unazichumbia?"

"Nazichunguza tabia," akajibu Stefania, akapokea chapati kwa mkono wenye chaki.

Jumatano jioni mlango ulikuwa na mbao arobaini na moja. Nyingi zilikuwa za inchi sita, kisha zile wanazoziita moja kwa nane, unene inchi moja na upana nane. Za kumi zilikuwa tatu, na hizo Edwin huzipasua katikati hata hivyo, maana pana ikikauka hujikunja. Ya kumi na mbili hakuna hata moja.

Mwingine angesema basi, sita inatosha. Yeye akajiuliza habari ya urefu. Alichora kwa chaki, juu ya benchi, urefu wa meza ya ile mashine ya inchi sita kama Baba Munira alivyomtumia kwenye simu, akapandisha mhimili wa mlango, ule ubao wa pembeni wa kusimama, wa futi saba, akausukuma polepole. Haujafika hata mbali, ncha ikaning'inia hewani, mbao yote ikataka kumwangukia miguuni. Aliurudisha akasukuma tena, akasukuma na mara ya tatu, sasa akiwa amepiga magoti kuangalia kwa chini. Hapo akaelewa. Meza fupi inaifuata mbao ilivyopinda, haiinyooshi. Ya nane ilikuwa na meza ndefu karibu mara mbili. Alifurahi mpaka akacheka peke yake.

Ikabaki kumi na mbili. Alhamisi akaenda kwa Oswaldi, mwenye mashine ya kusaga kule chini, akamuuliza maswali mpaka akachoka, nani? Oswaldi, si yeye. Jibu likawa kwamba mashine kubwa namna ile inataka umeme wa fezi tatu, kama huu wa kusagia. Pale karakanani haupo, na kuuvuta ni maombi, nguzo na miezi ya kungoja. Bega la mzee halikuwa na miezi ya kungoja.

Akarudi akamweleza baba yake yote, hatua kwa hatua, na mlango wenye namba za chaki ukiwa shahidi. "Kwa hiyo nane," akamaliza.

Edwin alizisoma namba zote, za juu mpaka za chini. "Umefanya kazi nzuri, mama," akasema. "Kumi na mbili."

Stefania alishangaa. Mzee huyu hakuwa mbishi. Ukimwonyesha kosa lake hushukuru, tena hukununulia soda. "Baba, nionyeshe basi hiyo mbao ya kumi na mbili. Iko wapi?"

Edwin alikaa kwenye stuli ambayo haijapigwa msasa. "Hukuhesabu mbao za msiba," akasema.

Kweli, hakuzihesabu. Kwa Edwin ubao wa chini wa jeneza ni mmoja, mpana wa inchi kumi na mbili, usiounganishwa. Ndivyo alivyofundishwa na fundi wake misheni, na hajawahi kubadili. Mtu akifa mtaani, wanaume walikuwa wanakuja wenyewe bila kuitwa, wanavua makoti na kupokezana randa huku Edwin akielekeza. Huo ubao haukuwa kazi ya karakana. Ulikuwa wa watu, na hakuna aliyeuandika popote. Stefania mwenyewe siku hizo huwa nyumbani kwa wafiwa, jikoni na wanawake wenzake. Hajawahi kuwepo karakanani siku ya msiba tangu avunje ungo.

"Si wanakusaidia?" akauliza.

"Walikuwa wanasaidia. Siku hizi wanatuma rambirambi kwa simu. Ubao wa mzee Leonidas, ile wiki ya Pasaka, nimeuranda mwenyewe kuanzia asubuhi mpaka saa kumi."

Wiki ya Pasaka. Stefania aliliangalia lile bega, na hasira ikampanda. "Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa msibani unapika. Nikutoe jikoni?"

"Ndiyo, baba. Ungenitoa."

Mzee alikuwa anajisugua kiganja kwa kidole gumba. "Unadhani naitaka hiyo kubwa kwa ajili ya bega langu," akasema. "Mimi bega langu limeshakwenda. Naifikiria siku yangu. Nani atakuwa hapa? Wewe. Sitaki nikuache na ubao wa inchi kumi na mbili na randa ya mkono, peke yako, siku kama hiyo."

Basi mtu wa maswali akakosa hata moja. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha. Alijifuta kwa kiganja, chaki ikambaki usoni, akachukua simu.

"Shikamoo Baba Munira. Ni nane. Ndiyo, inchi nane, usibadilishe."

Edwin akafungua mdomo. Stefania akamwahi.

"Mbao za msiba kuanzia leo ni zangu. Nitawatoa wanawake jikoni, tutapokezana. Sisi kwenye msiba hatupungui. Na ya kwako, baba, hata mkiniletea mashine ya inchi ishirini hapa, nitairanda kwa mkono."

Mzee alimwangalia binti yake. Kisha akainuka, akaishusha randa yake kutoka rafuni kwa mkono wa kushoto, akautoa wembe wake wa kurandia na kuuangalia kwenye mwanga wa mlangoni.

"Lete jiwe na maji," akasema. "Wewe huwa unanoaga vibaya."