Pole kwa Mheshimiwa

Watu waliendelea kumwita Mama Pacha hata baada ya pacha mmoja kufa. Alikuwa fundi cherehani, mjane. Mtoto alikata roho wodini umeme ulipokatika: mashine ya oksijeni ikazima, na jenereta ambayo waziri mwenyewe alikuja kuikatia utepe haikuwaka. Haikuwa na injini. Lilikuwa bati tupu lililopakwa rangi.

Ofisini kwa waziri alipigwa danadana, njoo leo, njoo kesho, mpaka walinzi wakamzoea. Kisha mama mzazi wa waziri akafariki.

"Msibani hapana, shemeji," mdogo wa marehemu mumewe alimsihi. "Hata adui hupewa pole."

"Na mimi nakwenda kumpa pole."

Akajipanga na waombolezaji. Zamu yake ilipofika, aliushika mkono wa waziri, asiuachie.

"Pole, mheshimiwa. Mama amekufa taa zinawaka?"

Waziri hakuelewa. "Ndiyo, mama. Tulimpeleka ng'ambo."

"Wangu alikufa gizani. Alikuwa ananiuliza kwa nini nimezima taa."

Waziri akaangua kilio. Kama alimlilia mamake au mtoto yule, hakuna aliyejua. Mama Pacha alimtazama akilia, akaona raha, akajiogopa. Walinzi wakambandua vidole kimoja kimoja. Dada wa waziri akamtemea mate usoni.

"Mchawi! Umekuja kutuchezea juu ya kaburi!"

Video ilisambaa kabla kaburi halijafukiwa. Majirani waliolia naye kwa mwanawe ndio waliotangulia kumlaani: uchungu gani huo usio na haya? Waziri akatangaza kwamba amemsamehe, akapigiwa makofi. Ya jenereta hakuna aliyeyauliza. Wateja wakaja kuchukua vitambaa vyao, vingine vimeshakatwa, vingine bado vina pini.

"Nilikuambia," shemeji alisema.

"Uliniambia. Sasa niambie, ningempata wapi kwingine?"

Shemeji akakuna kichwa, akaaga.

Jioni, pacha aliyebaki alisimama mlangoni akichezea kifungo cha shati.

"Mama, kesho ni siku ya wazazi shuleni. Aje baba mdogo."

"Kwa nini nisije mimi?"

"Wewe utawauliza watu maswali."

Mama Pacha alitaka kucheka. Akawasha pasi, akamnyooshea sare.