Meza Iliyoziba Korido

Tangu meza ile iingizwe ndani, hakuna mtu nyumbani kwa mama mdogo aliyepita kwenye korido kama binadamu wa kawaida. Ilikuwa imesimamishwa ukutani, miguu imechomoza, na ukitaka kwenda chumba cha nyuma lazima upite ubavu, uvute tumbo ndani, na uombe misumari isikushike nguo. Mgeni angecheka. Rula hakucheka. Chumba chake kilikuwa cha mwisho, kwa hiyo alipita hapo asubuhi, jioni na kila alipokumbuka amesahau kitu, na kila mara roho ilimsuta.

Rula ni jina la kazini. Alikuwa afisa mipango katika ofisi ya mji, na wenzake walimbandika jina hilo kwa sababu hata kwenye kipande cha gazeti hakuweza kuchora mstari uliopinda. Mama mdogo, yaani mdogo wa marehemu mama yake, ndiye aliyemlea tangu anaota meno, akamvisha na kumsomesha kwa nyanya na vitunguu. Nyanya na vitunguu hivyo viliuzwa juu ya meza hiyohiyo, kwenye tuta la reli ya zamani.

Hebu nikueleze hilo tuta, maana ndilo lenye maneno. Treni iliacha kupita siku nyingi. Vyuma viling'olewa vikaenda vilikokwenda, wanaojua wanajua, yakabaki mataruma machache, yale magogo yaliyolaliwa na vyuma, yameoza, na kokoto. Kokoto ndizo zilizowavuta wauzaji. Mvua inyeshe inavyotaka, pale hapana tope. Mama mdogo alikuwa wa kwanza kuweka meza. Wakafuata akina mama wa mboga, muuza mitumba, na fundi baiskeli aliyegeuza taruma moja kuwa benchi la wateja. Tuta likawa mtaa.

Basi siku moja Rula akapata wazo. Tuta lile liwe njia ya kutembea na ya baiskeli, kuanzia stesheni ya zamani mpaka darajani, watoto waende shule bila kukimbizana na malori, wazee wapate pa kunyoosha miguu. Wazo zuri, na mimi silisemi vibaya hata leo. Alilichora kwa mwezi mzima, akaweka miti, taa, na mabenchi. Kilichokosekana ni fedha. Mkuu wake wa kazi, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Tutaona kwa kuwa hilo ndilo jibu lake kwa kila ombi, alizungusha ile michoro kwa wafadhili hadi mmoja akakubali kuja kuona.

"Mgeni anakuja," Bwana Tutaona alimwambia Rula. "Sasa wewe unajua mambo ya mgeni. Nyumba inafagiliwa, sivyo?"

"Unataka tufagie tuta?"

"Mimi sijasema kitu. Nimesema mgeni anakuja."

Na hapo ndipo Rula alipokosea. Wala hakukosea kwa ubaya. Alikosea kama sisi sote tunavyokosea mgeni anapobisha hodi, tukasukuma ndoo na viatu vibovu chini ya kitanda ili aone nyumba safi. Jioni ile alimkalia mama mdogo magotini, kama enzi zile akitaka viatu vipya.

"Mama, siku moja tu. Meza zitoke siku moja, mgeni apite, aone njia ilivyonyooka. Kesho yake mnarudi."

"Siku moja?"

"Moja tu. Haki ya Mungu."

Mama mdogo alikwenda meza kwa meza. Waliokataa aliwabembeleza, waliosita aliwatania, na fundi baiskeli aliyeuliza nani mdhamini alimjibu, "Mdhamini ni mimi hapa. Mwanangu anasema siku moja, ni siku moja." Usiku haujaingia, tuta lilikuwa jeupe. Rula mwenyewe alishika upande mmoja wa meza ya mama mdogo, wakaibeba wawili hadi nyumbani, wakicheka kwa jinsi ilivyogoma kuingia mlangoni.

Mgeni akaja, mama mmoja mwenye nywele fupi na raba miguuni. Alitembea tuta zima kwa miguu yake. Akapenda! Alipenda hasa kwamba palikuwa patupu. Aliandika kwamba hakuna biashara yoyote pale, kwa hiyo hakuna wa kuhamishwa, hakuna wa kujengewa vibanda, fedha yote iende kwenye njia. Akaweka sharti: pabaki kama alivyopaona. Kulipopambazuka, akina mama walirudi na matenga yao vichwani wakakuta seng'enge na askari wawili wa mji.

Rula alikimbia kwa Bwana Tutaona akihema. "Mzee, niliwaahidi watarudi."

"Uliwaahidi wewe," alisema Bwana Tutaona, akipuliza chai yake. "Ofisi haikuahidi kitu."

Wauzaji walihamia kando ya barabara kuu, kwenye vumbi la malori, nyanya zao zikageuka rangi ya udongo. Fundi baiskeli alisambaza utani wake mji mzima: "Mmesikia? Njia ya baiskeli isiyotaka fundi baiskeli!" Watu walicheka, yeye hakucheka. Lakini mama mdogo hakwenda barabarani. Angekaaje na watu waliomwamini wakakosa pa kukaa? Wanawake aliowashika mkono walipofiwa, aliowakopesha sufuria na chumvi, sasa walimpita kama nguzo ya umeme. Akabaki nyumbani, akipanga vyombo ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Hakumlaumu Rula hata kwa jicho. Afadhali angemtukana. Rula alikuwa anakula chakula chake, anajikunja kupita kwenye meza yake, na kila akijiapiza leo nitasema, leo nitakwenda kwa yule mgeni, jioni inamkuta hajakwenda.

Lilibaki jambo moja kabla ya fedha kutoka. Mfadhili alitaka mkutano wa wakazi, aulize mwenyewe kama kuna mtu wa kuumizwa na njia ile. Kama hakuna, anasaini palepale, na tuta limekwenda moja kwa moja. Asubuhi ya mkutano mama mdogo alioga mapema, akavaa kitenge chake cha kutokea, akajipaka mafuta hadi viwiko.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Huko huko uendako. Au mkutano wa kwenu peke yenu?"

Moyo wa Rula ulipiga paa! Alijua mama mdogo anakwenda kumwanika. Na aibu gani hii, aliona nafuu. Aone haya yeye ambaye hata kukiri alitaka kufanyiwa, kama alivyofuliwa nepi.

Ukumbi wa shule ulijaa hadi madirishani. Mezani mbele walikaa Bwana Tutaona ndani ya suti yake ya harusi za watu, mgeni wa raba, na Rula na mchoro wake umetandazwa. Mgeni alisimama.

"Nauliza wenyewe mnaoishi hapa. Kuna mtu yeyote aliyekuwa akifanya shughuli zake pale kwenye tuta, ambaye njia hii itamwondoa?"

Fundi baiskeli alikuwa ameshaanza kunyanyuka. Lakini mama mdogo alimtangulia, akasimama na kitenge chake.

"Mimi nimeishi hapa tangu treni inapita," alisema. "Pale hapakuwa na mtu. Ni nyasi tu na kokoto. Jengeni njia yenu."

"Mama!" fundi alipiga kelele. "Mama, kweli wewe?"

"Kaa chini, fundi."

Na fundi, kwa mazoea tu maskini, akakaa. Akina mama wa mboga waliguna, mmoja akasonya kwa sauti iliyofika mbele. Lakini nani angesimama kumbishia mkubwa wao mbele ya wageni? Bwana Tutaona alitabasamu hadi magego, akamsogezea mgeni kalamu. Mama mdogo alibaki amesimama, amemkazia Rula macho, na macho yale yalikuwa yanasema: nyamaza, mwanangu, yaishe.

Rula alielewa yote kwa mara moja, na laiti asingeelewa. Hakuja kumwanika. Alikuja kumfunika. Jina lake lililobaki kidogo pale mtaani alikuwa amelichukua lote na kulitandika chini, ili Rula apite bila kuchafuka miguu.

Alisimama. 

"Samahani," alisema. "Mama mdogo labda amesahau. Unajua umri, pengine hakuelewa sw—"

"Sijasahau kitu," mama mdogo alimkata. "Na nimeelewa vizuri sana."

Watu wakacheka. Rula alihisi uso unawaka moto. Loo, hata pale alikuwa anatafuta upenyo! Alikuwa tayari kumfanya mama wa watu kikongwe asiye na akili timamu, ili tu yeye aseme kweli bila kukwaruzika. Upenyo ule ukazibwa, likabaki neno moja tu, neno ambalo mtoto hamwambii mzazi wake hata chumbani milango imefungwa, sembuse mbele ya mtaa mzima.

"Mama mdogo anasema uongo," alisema Rula.

 Mama mdogo aliketi polepole, kama mtu aliyesukumwa kifuani.

"Anasema uongo, na uongo huo kaupata kwangu. Pale palikuwa na meza. Palikuwa na fundi, na mitumba, na akina mama hawa wote. Niliwaondoa mimi, nikawaambia siku moja tu, ili wewe mgeni uone pametakata. Meza yake iko nyumbani kwetu, imeziba korido. Njoo uione."

Fundi baiskeli alianza kupiga makofi, kisha akamtazama mama mdogo alivyoinamisha kichwa, akaacha.

Mgeni hakufoka. Aliirudisha kalamu mfukoni, akasema hasaini. Atarudi siku asiyoitaja. Hadi hapo seng'enge itoke na kila mtu arudi alipokuwa, aone tuta kama lilivyo. Mchoro uchorwe upya wenye nafasi za hao watu. Kuhusu fedha kama itakuwa bado ipo, hakuweza kuahidi. Akina mama walitoka wakipiga vigelegele. Bwana Tutaona alikunja koti la suti mkononi, akampita Rula bila kumtazama. "Kazi yako," alisema, "tutaona."

Nyumbani, mama mdogo alikuwa ameshavua kitenge na anakata vitunguu. Rula alisimama mlangoni mwa jiko, hajui aingie au arudi.

"Umeniita mwongo," alisema mama mdogo bila kugeuka.

"Ndiyo, mama."

"Mbele ya fundi baiskeli."

"Ndiyo."

"Mbele ya wale wanawake. Siku ya kwanza wananitazama usoni tangu wafukuzwe, na wewe unawaambia mimi mwongo." Kisu kilisimama. "Unajua yule bosi wako alikuja hapa juzi? Na tumbo lile, akanasa koridoni! Kumbe alikuja kuniambia maneno yakitoka, mwanangu hana kazi. Nikasema basi, mimi nimeshaharibikiwa, acha niharibikiwe moja kwa moja. Wewe angalau ubaki."

"Najua, mama."

"Hujui. Ungejua ungekaa chini."

Rula alilia. Alilia kwa sauti, na mama mdogo alimwacha alie, akamaliza vitunguu vyake, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Huenda vilikuwa vitunguu.

"Wamenipitia njiani," alisema hatimaye. "Akina mama. Wamenisalimia. Wameniuliza kesho nitafika saa ngapi." Alivuta pumzi. "Wamenisalimia, lakini nilikuwa siwezi kuinua uso. Sijui nikushukuru au nikuchape."

"Nichape."

"Umeshakuwa mkubwa. Mkono wangu utauma bure." Akainjika sufuria. "Kesho meza inarudi."

"Nitakusaidia. Nitashika upande mmoja, kama siku ile."

Mama mdogo aligeuka, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu ukumbini.

"Siku ile tulibeba wawili," alisema. "Kesho utaibeba peke yako. Kichwani, mchana kweupe, upite mtaa mzima, na mimi nitakuwa mbele yako mikono mitupu. Ukiulizwa unakwenda wapi, jibu mwenyewe."

Rula alifuta uso kwa mkono wa blauzi. Akaenda koridoni, akaishika ile meza kwa mikono miwili, akajaribu kuinyanyua.