Taa ya Ganda la Balungi

"Huyu mtoto ni wako?"

Aliyeniuliza ni Apo, bibi Mchina wa ghorofa ya chini, mwaka juzi, msimu kama huu ambapo joto la Guangzhou linaanza kulegea na mabalungi yanapangwa milangoni kwa watu kama mipira. Apo maana yake ni bibi tu, na mtaa mzima unamwita hivyo. Alikuwa amekaa mlangoni kwake anaosha magimbi kwenye beseni. Mimi nilikuwa napanda ngazi, mfuko wa vitunguu mkononi na Anyango mgongoni, amelala, mate yake yananilowesha bega. Kichina changu ni cha kununulia mboga, lakini swali lile nililielewa. Alimnyooshea mtoto kidole, kisha akaninyooshea mimi kifuani.

Nikaitikia kwa kichwa.

Kwa miaka miwili nikajiambia kwamba kichwa hakisemi uongo, unaosema ni mdomo. Kila mwezi ninakwenda kuungama kule kanisa la mawe, na kila mwezi ninamtajia padri hasira zangu, rozari nilizosinzia katikati, na watu niliowasengenya. Hilo la ngazini sikulitaja hata siku moja.

Mtoto ni wa Mueni, Mkamba wa Machakos. Mueni anawatembeza wafanyabiashara wanaotoka Kenya kununua nguo, anawasemea Kichina, anawabishia bei. Soko la Shahe linaamka kabla ya jogoo, kwa hiyo tangu Anyango ana miezi minane alikuwa akiniletea akiwa amefungwa kwenye blanketi, ananikabidhi mlangoni, anashuka ngazi mbilimbili. Baba wa mtoto yuko Kisumu. Alimwachia jina.

Mimi nilikuja huku na mume wangu, Cornel. Tulikuwa tunanunua viatu tunapeleka Moshi. Cornel alifia hapa. Nikamsindikiza nyumbani, nikamzika kihambani, kwenye migomba ya kwao, na arobaini ilipokwisha shemeji zangu wakaniuliza, kwa adabu kabisa, kwa kuwa sikujaliwa mtoto, je, ningekaa pale kama nani. Nikarudi Guangzhou, nikaanza kuwapikia wafanyabiashara chakula cha nyumbani humu chumbani mwangu, jirani na jengo la Tianxiu. Wanakula, wanasema asante mama, wanapanda ndege. Sura zinabadilika, sahani ni zilezile.

Aliyebaki ni Anyango. Sasa ana miaka mitano, anasoma chekechea, na akitoka huko anakuja kwangu mpaka mama yake amalize kazi.

Mwezi uliopita mwalimu aliwapa watoto karatasi: leteni majani ya msimu, mekundu na ya manjano, tubandike picha. Nikacheka peke yangu. Labda huko kaskazini kwao. Hapa miti haipukutishi mwezi wa tisa wala wa kumi, hapa majani yanaanguka mwezi wa tatu. Tulizunguka bustani nzima, kila kitu kijani. Anyango akaanza kununa.

"Twende jikoni," nikamwambia.

Mpishi hakosi maganda ya vitunguu. Nilikuwa na mfuko mzima, ya vitunguu vyekundu na ya vile vya rangi ya dhahabu. Tukayakata kwa mkasi mfano wa majani, tukayabandika kwa uji wa ngano, mti ukawaka kama moto. Mwalimu akautundika ukutani.

Tatizo ni picha iliyofuata. Mwalimu aliwaambia wachore mama zao. Mueni alipokuja kumchukua mtoto akaikuta mezani kwangu: mwanamke mnene mwenye kilemba, na sufuria kubwa kuliko yeye.

"Kwani siku hizi navaa kilemba?" Mueni akauliza, akicheka. Nywele zake ni za kusuka, zinafika kiunoni.

"Ni mtoto," nikasema.

"Najua ni mtoto." Akaikunja karatasi, akaikunja tena, akaitia mfukoni. Alipofika mlangoni akasimama. "Anti Kalista, nyanya yake anamtaka Machakos. Kila akipiga simu nasema bado. Lakini nikiona mtoto hajui ni nani alimzaa, nitampeleka. Si kwa ubaya."

"Najua si kwa ubaya."

"Hiyo taa ya sikukuu, mwaka huu nitaitengeneza mimi na yeye. Wewe nitunzie kisu tu."

Sikukuu ya mwezi mpevu, jioni, kila mtoto wa mtaa huu hushuka uani na taa. Watoto wengi siku hizi wana za plastiki zinazoimba. Apo na wazee wenzake bado wanachonga za ganda la balungi, na Anyango anataka ya ganda. Mueni akasema atafika saa tatu asubuhi, na balungi ataleta yeye.

Siku yenyewe nilisali mapema. Nikafagia, nikanoa kisu, nikakiweka mezani juu ya kitambaa. Apo alikuwa ameshatuletea balungi lake tangu jana yake, kama anavyofanya kila mwaka, nikaliweka pembeni ili lisionekane kama linangoja kazi. Anyango, aliyelala kwangu usiku huo, akapanda kiti.

Saa tatu ikapita. Saa nne nikapata ujumbe wa sauti, nyuma yake makelele ya watu na utepe wa maboksi ukichanwa. "Anti, niko soko la Shisanhang. Huyu mteja wangu Rotich amenizungusha kama punda, na laobani mwenye duka anafunga kwa sikukuu, lazima tutoe mzigo leo. Nipe lisaa."

"Lisaa ni ngapi?" Anyango akauliza.

"Ni saa moja iliyonenepa."

Nikamwita jikoni tupike magimbi, maana Apo amenifundisha kwamba siku hii hailiwi bila magimbi, na mimi nikamwambia, kwa mikono, kwamba kwetu Kibosho tunayala hata siku ya kawaida. Haya ya huku ni madogo, kama mayai ya bata. Wao wanayachemsha na maganda. Mimi nayamenya, nayapika na mifupa ya ng'ombe na kitunguu, maziwa nayatia mwishoni. Anyango akang'ang'ania kumenya.

"Anti, mkono unawasha."

"Nilikuambia usiloweshe mikono. Gimbi linataka mkono mkavu." Nikampaka mafuta, nikamshika vidole juu ya moto, mbali kidogo, muwasho upoe.

"Wewe nani alikuwa anakupaka?"

"Mama yangu."

"Na yeye alikuwa anachelewa?"

Nikakoroga sufuria. "Alikuwa na mifugo. Mwenye kazi huchelewa."

Saa sita. Saa saba tukala, tukamwekea Mueni bakuli lake, nikalifunika kwa sahani. Anyango akarudi kwenye kiti akaweka kidevu juu ya meza, macho yake kwenye balungi.

"Limechoka kungoja," akasema.

"Tunda halichoki."

"Basi mimi ndiyo nimechoka."

Nilipiga simu mara mbili, haikupokewa. Ganda la balungi halichongwi kwa haraka, na uzi wake unataka muda. Kule uani nilisikia watoto wameshaanza kuulizana nani ana taa ya namna gani. Ilipofika saa nane nikachukua kisu. Sitasema nilisahau aliloniambia Mueni. Nililikumbuka neno kwa neno, na kisu kilikuwa mkononi.

Unakata juu, kama kofia. Halafu unaingiza vidole kati ya ganda na nyama, polepole, unazunguka, mpaka tunda lote linatoka zima na ganda linabaki bakuli. Ukikosea linapasuka. Anyango alishika pumzi mpaka lilipotoka. Kofia nikaiweka kando, sehemu yake nyeupe inaliwa. Apo huiloweka siku mbili uchungu utoke, akaipika na uduvi mkavu.

"Sasa tuchonge nini?" nikamuuliza.

"Samaki. Na nyota. Na wewe."

"Samaki sawa. Nyota sawa. Mimi hapana. Tumchonge mama."

"Mama na kilemba?"

"Mama na nywele zake."

Nikamchonga makusudi, mwanamke mwembamba mwenye nywele ndefu mpaka kiunoni, kila msuko mstari wake, kisu ncha tu. Kazi ya saa nzima. Anyango akawa ananielekeza, huku ongeza, huku hujamaliza. Tukatoboa mashimo matatu, tukapitisha uzi, tukaufunga kwenye kijiti cha kulia chakula. Nikaweka kipande cha mshumaa wa altare yangu ndogo ndani, nikaitundika kwenye msumari wa dirisha. Chumba kizima kilinukia ganda. Nikajiambia, Mueni akiingia ataona ni yeye, moyo wake utatulia.

Akaingia saa kumi na moja, jasho linamtiririka, balungi kwapani. Lilikuwa kubwa kuliko letu.

Akaiona taa. Akaketi na balungi lake mapajani.

"Mama, ni wewe," Anyango akamvuta mkono. "Angalia nywele."

Mueni akaangalia. Akainuka, akasogea karibu, akapitisha kidole kwenye misuko mmoja baada ya mwingine. "Mmeniongezea," akasema. "Hizi za kwangu zimebaki nusu, nusu nyingine imeliwa na Rotich leo." Mtoto akacheka, mama yake akacheka, nami nikafunua bakuli la magimbi. Akala amesimama, kwa njaa ya mtu ambaye hajagusa kitu tangu alfajiri.

"Anti, hii mnyama gani ilikufa ikawa tamu hivi?"

"Kaa kitako ule."

Akakaa. Akampakata Anyango. Akasema, bila kuniangalia, "Nilikuwa nimekasirika nikiona hiyo taa. Imeisha." Akaongeza, "Machakos inaweza kungoja mpaka amalize chekechea. Nitaongea na mama."

Nikageukia jiko, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Ndipo Apo akabisha, na mlango ulikuwa wazi. Alileta bakuli la yale matunda yao meusi ya majini, yenye pembe mbili kama kichwa cha ng'ombe. Akamtazama Mueni. Walikuwa hawajakutana, maana Mueni hupita wakati Apo amelala au yuko sokoni. Akaiona taa, akaisifu, akamshika Anyango shavu, akaanza kumweleza Mueni jambo refu, akicheka, akininyooshea mimi, akimnyooshea mtoto. Mueni akajibu kwa Kichina kizuri, maneno machache. Apo akaendelea. Nilimwona Mueni akiacha kutafuna.

Apo akatuinamia, akashuka zake na bakuli tupu.

"Amefurahi," nikasema.

"Sana." Mueni akaweka kijiko mezani. "Amenipongeza. Ati nina bahati kuwa na dada kama wewe. Ati mtoto amerithi mikono ya mama yake, ona taa. Nikamwambia mama yake ni mimi. Akacheka, akadhani namfanyia mzaha. Akasema mama yake ni huyu wa jikoni, alimuuliza mwenyewe hapo ngazini, ukakubali."

Anyango alikuwa anagonganisha yale matunda ya pembe, mawili mawili, kama yanapigana.

"Lakini wewe Kichina chako ni cha nyanya na vitunguu," Mueni akasema. Sauti yake ilikuwa ya upole, na macho yake yananiomba. "Labda hukumwelewa. Watu wanaitikia tu. Hata mimi mwaka wa kwanza niliitikia mpaka nikauziwa koti za baridi nipeleke Mombasa. Si ndivyo, Anti? Hukumwelewa."

Mlango ule wa kutorokea alinifungulia yeye mwenyewe. Nilichotakiwa ni kuitikia tena kwa kichwa, kama siku ile. Mtoto angebaki. Kesho ningempaka mafuta mikononi, mwezi ujao tungetafuta maganda mengine. Rozari yangu ilikuwa ukutani, na mwezi ulikuwa wa kumi, mwezi wa rozari. Niliangalia ile picha ya ganda, mwanamke wa nywele ndefu, nilivyomchonga ili nifunike lile la ngazini.

"Nilimwelewa," nikasema.

Mueni akasukuma bakuli kando.

"Aliuliza kama mtoto ni wangu. Nilielewa vizuri. Nikaitikia."

"Kwa nini?"

"Nilitaka mtu mmoja duniani aamini hivyo."

Alinitazama. Sikuinamisha macho, wala sikulia, kwa sababu ya mtoto. Kisha Mueni akainuka. Akamvalisha Anyango viatu, cha kushoto, cha kulia, akamfunga kamba mwenyewe ingawa Anyango alikuwa anasema anajua. Akachukua sweta lake kwenye kiti, na kikombe chake cha plastiki, na mswaki wake kwenye glasi yangu karibu na bomba. Mswaki ndio ulionionyesha kwamba mtoto harudi tena kwangu.

Anyango akaangalia dirishani. "Taa yangu."

Mueni akaitungua kutoka kwenye msumari, taratibu, uzi usikatike, akamshikisha kijiti mkononi. Kisha akalichukua lile balungi lake, zima, kubwa, akaliweka mezani kwangu, juu ya kitambaa, kando ya kisu. Akamshika mtoto mkono, akatoka.