Hatua Thelathini za Bweni

...kumi na saba, kumi na nane, hapo amesimama kutoa kokoto kwenye kiatu, sasa ataanza upya au ataendelea, Mungu wangu mfanye aendelee, mama wa watu, mfadhili wetu, ana miguu mirefu, hatua yake moja ni yangu moja na nusu, labda msingi huu wa hatua hamsini na mbili ukipimwa kwa miguu ya Denmark utatoka thelathini na tano hivi, na thelathini na tano si mbali na thelathini za kwenye ramani, mtu muungwana anaweza kuzisamehe, jua kali, mwili umechoka, safari ya Landrova kutoka Tabora mpaka hapa Lusu inatosha kumvurugia yeyote hesabu, kumi na tisa, midomo yake inacheza lakini anahesabu kwa lugha ya kwao, sijui kama tuko pamoja, ishirini, na mimi Bernardo, katibu wa kamati ya ujenzi wa shule ya sekondari ya wasichana, nimesimama kwenye kona nimeshika kofia mbele ya tumbo kama niko msibani, natabasamu, nimetabasamu tangu Landrova ilipozima, mashavu yanauma... "Katibu," Lugembe ananipumulia sikioni, "mwambie huo uliozidi ni mtaro wa maji ya mvua," mtaro wa maji, Lugembe, mtaro gani wa maji una kona nne na mlango, "basi mwambie ni wa kuzuia fisi," nyamaza Lugembe, wewe ndiye fisi mwenyewe, wewe na ngoma yako, kama si wewe mama huyu angekuwa sasa anakula karanga zake kwa amani, amepima thelathini, ameridhika, mabati yanakuja, saruji inakuja... kwa sababu barua ya chama chao cha akina mama ilisema wazi, karani Selemani alinisomea mara mbili, ujenzi ukitoka nje ya ramani msaada unasimama, na msaada ukisimama hakuna bweni, na bila bweni mkoa hautoi kibali, na bila kibali mwezi wa kwanza hakuna kidato cha kwanza hapa, kutakuwa na madarasa mawili tuliyojenga wenyewe, mbuzi wataingia kusoma... na tuliyataka wenyewe, tulikaa mkutano, tukapitisha kwa kauli moja kwamba sisi tangu Azimio ni watu wa kujitegemea, makofi, na katika ajenda iliyofuata tukapitisha barua ya kwenda Denmark, makofi tena, Lugembe peke yake alisimama akasema, "Ndugu mwenyekiti, msichana wa sekondari atarudi hapa kunifundisha kula ugali kwa uma," watu wakacheka mpaka balozi wa nyumba kumi akamwaga chai, na ni huyohuyo Lugembe aliyechimba kuliko wote, eti kwa sababu ya beberu.

Ishirini na mbili, au ni tatu, ameinama anatazama udongo, ndiyo mama, udongo mzuri, tazama udongo, usitazame urefu... ngoma ilikuwa wazo langu, sikatai, kwa sababu watu wa hapa ukiwaita kwenye kazi ya shule wanakuja kumi na mmoja wenye majembe butu, lakini ukiwaita kwenye ngoma ya jembe, kundi kwa kundi, beberu kwa mshindi, wanakuja hata wenye mguu mbovu, nikasema kundi la Lugembe lianzie katikati lielekee magharibi, letu lielekee mashariki, atakayefika kwanza kwenye kigingi chake beberu ni wake, rahisi, nani angeharibu jambo rahisi namna hiyo, wakaanza, vumbi, ngoma mbili zinalia kwa pamoja, Lugembe mbele na manyoya kichwani, manju wa kundi lake, anaimba kwamba mashariki wanachimba na vijiko, na kweli wakafika kwenye kigingi chao kwanza, wakasikiliza, wakasikia ngoma yetu bado inalia, na kwa desturi yetu mtu haweki jembe chini wakati ngoma ya mwenzake inalia, akiweka amechoka, na aliyechoka ataimbwa mpaka na watoto wachunga ng'ombe, basi wakapita kigingi, na sisi tulipofika chetu tukaona Lugembe amepita chake, tukapita na sisi, kwani sisi ni nani, wao wakaenda mpaka kichuguu kikawazuia, sisi tukaingia shamba la mihogo la Mabruki, Mabruki anapiga kelele, "Jamani mihogo yangu," hatumsikii, mwisho naye akashika jembe akachimba mihogo yake mwenyewe, jioni tukala beberu pamoja kwa sababu hakuna aliyejua nani kashinda, halafu nikapima, hamsini na mbili... sisi tulichelewa kidogo tu kufika kwenye kigingi, ndiyo chanzo cha yote, tungefika pamoja na akina Lugembe ngoma zingenyamaza pamoja, tulichelewa, sijui kwa nini tulichelewa, udongo wa mashariki labda ni mgumu...

"Katibu," huyu sasa ni Selemani, karani wa elimu, mtu wa Gongoni kule Tabora, shati jeupe, ramani ameikunjua anajikinga nayo jua, ndiye mkalimani wetu, "kwenye karatasi ni hatua ngapi vile?" na mimi nasema, "Ngapi wapi, bwana?" na yeye ananitazama, mtu wa mjini huyo, anajua kuuliza tena, ishirini na sita, karanga zile nani kazileta, ni Josepha, mwanangu, yuko kando ya Landrova na sinia, haniangalii, tangu wiki ile ya orodha haniangalii sana, wala hanuni, shikamoo baba kila asubuhi, maji ya kuoga yako tayari, ingekuwa heri angenuna... Orodha aliinakili yeye, maana mwandiko wangu mbaya, wasichana sitini na moja waliofaulu, vitanda arobaini, alikaa mezani akayaandika majina yote kwa mfuatano wa alama zao, akafika la arobaini na tatu, akaliandika, Josepha Bernardo, herufi zilezile, kisha akachora mstari chini ya la arobaini kama nilivyomwagiza, akaunyoosha kwa rula, akasema, "Tayari, baba," nikasema vizuri mwanangu, vizuri, nikatoka nje nikasimama zizini sina kazi zizini... udongo wa mashariki si mgumu, Bernardo, acha, udongo ni laini, kigingi ndicho kilichokuwa mbali, nilikihamisha mimi, alfajiri ya siku ya ngoma, hatua tatu, hatua moja na nusu kwa kila kitanda ukutani, ukuta huu vitanda viwili, ule viwili, vinne, wa arobaini na tatu amo, hata wa arobaini na nne nilimpa nafasi, nisionekane mchoyo, hatua tatu nani atazijua, na sasa hakuna atakayezijua kweli, zimemezwa na ishirini na mbili za wazimu, dhambi yangu imefunikwa na ya kijiji kizima, nikinyamaza tu lawama ni ya Lugembe na manyoya yake, na Lugembe mwenyewe anaamini ni yake, tazama anavyojikuna shingo, anaona haya, mtu mzima, amenitungia uongo wa fisi asubuhi yote akidhani ananiokoa, na hajui, hakuomba kuiona orodha, hajui kwamba wa arobaini na moja ni Maua, binti yake.

Naona aibu, basi, naona aibu mpaka magotini, thelathini, hajasimama, mguu umekwenda, thelathini na moja, amepita kigingi cha ramani na bado anatembea, uso wake siuoni, amenipa mgongo, na mimi ninagawanya hapa kichwani, kitanda hatua moja na nusu, kuta mbili, sitini na moja wanaingia wote, Bernardo, wote, na hatua tano zinabaki za mlezi na kabati la dawa, tulichimba kwa wazimu tukapata hesabu sahihi, saruji ya watu arobaini haitoshi, najua, lakini udongo upo, matofali tutafyatua, ngoma ya matofali haijawahi kuwapo ila Lugembe ataitunga kesho ukimwambia mashariki wameshaanza, wafadhili waezeke walichoahidi, kilichobaki ni chetu, na kama wataondoka na mabati yao waondoke wakijua nani wa kumlaumu... "Katibu," Selemani tena, sauti imeshuka, "mama anakaribia kichuguu, atauliza nani alipima, nimwambieje?" na Lugembe mkono wake uko begani kwangu, mzito, una jasho, mwambie mimi, Selemani, bado sijafungua mdomo lakini ndiyo nitakayosema, mimi ndiye niliyehamisha kigingi, kwa ajili ya mtoto wangu, na baada ya hapo nitamsomea mama orodha, sitaanza juu, wala sitaanza na la arobaini na tatu, hilo nalijua vizuri mno, nitaanza na jina la mwisho kabisa, Mwanne binti Yoramu wa Usoke, baba yake simjui, yeye mwenyewe sijamwona, na nafasi ya kitanda chake imeshachimbwa.