Saizi ya Mgeni Rasmi

Kava la albamu ni mraba mdogo tu, lakini Ombeni alitaka ubebe watu kama picha ya harusi. Yeye ndiye kiongozi wa Kipling Jazz, bendi ya Watanzania wa huku ughaibuni wanaopakia mizigo karibu na uwanja wa ndege wiki nzima, kisha Jumamosi wanapiga dansi. Mimi nawatengenezea makava na matangazo, cheo kinachonipa haki ya kupigiwa simu hata nikiwa naoga.

"Dada Jacqueline, mgeni rasmi umemweka?"

"Nimemweka."

"Mbona mdogo? Si ndiye anayezindua! Na mlezi wa bendi je? Na mke wake?"

"Na paka wao, kaka Ombeni? Asije akanuna."

Hakucheka. Kwetu mgeni rasmi hakai nyuma, hilo nalijua. Basi kila mkubwa alipoongezeka, nilimpunguza Benedicta, maana yeye hakuwa na cheo. Alikuwa anaimba tu. Nyimbo zote.

Asubuhi ya kupeleka kazi kuchapwa akaja kwangu St. James Town akitokea zamu ya usiku ghalani, kizibao cha kung'aa bado mwilini. Akajitupa kitini, akatazama kompyuta.

"Niko wapi?"

Nikamwonyesha, chini ya kiwiko cha mlezi.

"Ala! Nimekuwa kifungo cha koti lake."

Nikacheka peke yangu.

"Jacky, mimi nimechoka kuimba nyuma ya watu. Mama macho yanamwisha. Nilitaka nimtumie kava, anione angali anaona."

Mpiga chapa wa North York alitaka kazi kabla ya mchana. Nikampigia Ombeni.

"Kaka, mgeni rasmi ni mtu mkubwa au mdogo?"

"Mkubwa, tena sana!"

"Sasa mbona unambana kwenye kitu cha kuingia mfukoni? Tangazo litakuwa refu kama mlango, tulibandike kila duka la Waafrika kuanzia Rexdale. Ile ndiyo saizi yake. Yeye, mlezi, mke wa mlezi, na wewe katikati, umekalia kiti."

Akakohoa kama mkubwa. Nikajua ameshakikalia.

"Na kwenye kava?"

"Benedicta."

"Peke yake? Vijana wa bendi watanuna, dada."

"Wanune wakiwa kwenye tangazo, wamevaa suti."

Akaguna. Kwa Ombeni, kuguna ni kutia sahihi.

Ikabaki picha. Kila picha ya Benedicta ilikuwa na mkono wa mtu begani. Nikamwambia asimame dirishani.

"Hivi hivi? Sijalala, hata mafuta sijapaka!"

"Mpiga chapa hangoji mafuta."

Akafunga kilemba upya. "Haya, piga. Mama mwenyewe hajawahi kuniona sijachoka."

Nikapiga, nikaiweka kwenye kava. Akarudi nyuma mpaka mlangoni, akabana macho hadi yakabaki nyufa.

"Ongeza ukubwa."

Nikaongeza.

"Bado. Naona ukungu."

"Kilemba kitakatika."

"Kikatike."

Nikaongeza hadi uso ukajaa mraba wote, na uchovu wake wote, hata mfuko chini ya kila jicho. Yeye bado amebana macho, mkono ukipapasa ukuta asianguke.

"Hapo," akasema. "Hapo ananiona."

Jina la bendi nikalisukumia pembeni kwa herufi ndogo, nikatuma kazi kwa mpiga chapa.